Vipande viwili vya risasi vyatosha kuharibu nusu tani ya lehemu

Mkulima anaponunua taa ya sola au mzani wa kielektroniki wa kupimia maziwa, huuliza bei na waranti. Ni nadra kuuliza vipuri vimeshikizwa ndani kwa kutumia nini. Hata hivyo, kifaa kinapozimika baada ya miezi michache, mara nyingi chanzo si betri wala balbu. Ni kiungo kimoja kidogo cha lehemu kilichoachia.

Kwa miaka mingi lehemu ya vifaa vya umeme ilikuwa mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, unaoyeyuka katika nyuzi joto 183. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Ndiyo maana kuanzia Julai 1, 2006, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa huko, na viwanda vya Asia vikalazimika kufuata. Lehemu ya sasa karibu yote ni bati, ikiwa na shaba kidogo na wakati mwingine fedha au nikeli. Inayeyuka kati ya nyuzi 217 na 227.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Hoja hiyo haina uzito, kwa kuwa bidhaa zinazotoka viwandani humo ndizo zinazofika Kariakoo na River Road, na mafundi wa huku ndio wanaozifungua.

Kiwandani, bodi hupitishwa juu ya wimbi la lehemu iliyoyeyushwa ndani ya tangi lenye mamia ya kilo, katika joto linalokaribia nyuzi 260. Kila bodi inayopita huacha shaba kidogo humo. Tangi lenye shaba asilimia 0.7 likifika asilimia 1, lehemu huwa nzito, huunganisha miguu ya vipuri isiyotakiwa kuungana, na chembe ngumu kama sindano hutuama chini.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Msimamizi akiona lehemu imekuwa nzito, huongeza moto. Kwa muda mfupi mambo huonekana kutengemaa, kumbe joto hilo linayeyusha shaba nyingi zaidi, na hata chuma cha tangi lenyewe huanza kuliwa. Dawa sahihi ni kujazia kwa lehemu isiyo na shaba kila kiwango kinapopungua, na kupeleka sampuli maabara kwa ratiba, kama vile chama cha ushirika kinavyopima maziwa kabla ya kuyamimina kwenye tangi la kupoozea.

Hesabu yake ni rahisi. Tangi la kilo 500 likiachwa lifike asilimia 1, kulirudisha kwenye asilimia 0.7 kunahitaji kutoa kilo 150 na kuweka nyingine zisizo na shaba. Bati likiwa dola 30,000 kwa tani, hizo ni dola 4,500, ingawa sehemu ya fedha hizo hurudi ukiuza kilichotolewa. Anayejazia mapema halipi gharama hiyo, kwa sababu lehemu anayoongeza ni ile ile ambayo angeinunua hata hivyo.

Na bati si bidhaa ya kuchezea. Machi 2022 bei yake katika soko la London ilipita dola 50,000 kwa tani. Machi 2025 ilipanda tena baada ya mgodi wa Bisie, Walikale, nchini Kongo, kusimamisha uzalishaji kwa sababu ya vita. Wachimbaji wadogo wa Kyerwa mkoani Kagera wanaijua vizuri hali hiyo ya bei.

Risasi ni balaa jingine. Kiwango kinachoruhusiwa Ulaya ni asilimia 0.1 tu. Mfanyakazi akitupia kimakosa vipande viwili vya kilo moja vya lehemu ya zamani katika tangi la kilo 500, ameingiza gramu 740 za risasi, na tangi zima limevuka kiwango. Risasi haichujwi kwa mwiko.

Vikundi vya vijana vinavyoanza kuunganisha taa za sola, na mafundi wa mota wanaochovya nyaya za shaba kwenye chungu kidogo cha lehemu, wako katika hatari ile ile, tena chungu kidogo huchafuka haraka zaidi. Aidha, fundi wa redio anayegusia lehemu ya risasi kwenye bodi isiyo na risasi, kwa chuma chenye joto dogo, anaweza kuacha mchanganyiko usioyeyuka sawasawa. Mteja hurudi baada ya wiki mbili, au harudi kabisa. Vyuma viwili vya kulehemia na makopo mawili yenye alama ni gharama ndogo kuliko hiyo.

Mfanyabiashara anayeagiza kontena naye ana haki ya kudai cheti cha maabara cha lehemu iliyotumika, chenye tarehe, kabla ya kulipa salio.

Na ule uchafu unaoelea juu ya chungu usitupwe. Sehemu yake kubwa ni bati lililonaswa ndani ya kutu, na wapo wanaolinunua, mradi halijachanganywa na risasi.