Ziwa Nalo Lipumzike

Juma hili tuzungumze juu ya kitoweo. Sisi wa Tabora hatuna ziwa kubwa mlangoni petu, lakini ni nyumba chache zisizojua harufu ya dagaa wa Kigoma. Zamani watu wa Ujiji walikuja kwa miguu katika njia ya misafara, wakipitia Uvinza penye chumvi. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, na ziwa likawa kama limesogea karibu nasi.

Kwanza, fahamuni dagaa wanavyovuliwa. Mvuvi huenda usiku wa giza, akawasha taa: zamani karabai, siku hizi hata taa za nguvu ya jua. Dagaa huifuata nuru, naye huwazoa kwa wavu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina kazi, na mvuvi hukaa nyumbani. Basi mama mwenye busara hununua wakati wa giza, dagaa wakiwa wengi, akaweka akiba. Achague waliokauka vizuri juu ya kichanja, wasio na mchanga.

Pili, upepo. Tangu Mei hadi Septemba hivi upepo wa kusini hulikoroga ziwa. Kina chake chafika mita 1,470 hivi, na rutuba nyingi imelala chini, kama uji usiokorogwa. Upepo ukivuma, rutuba hupanda juu, dagaa wakapata chakula. Lakini wataalamu wameona kwamba maji ya juu yamezidi joto, wala hayachanganyiki na ya chini vema kama zamani. Ongeza na wavuvi waliozidi, na nyavu za matundu madogo. Samaki watabaki wapi?

Kwa hiyo mwaka 2024 serikali yetu ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa mapatano na majirani zetu Burundi, Kongo na Zambia. Wengi walinung'unika, nami nilikuwa mmoja wao.

Hapa sina budi kuungama. Mwezi wa Julai mtu mmoja alinijia jioni na mfuko, akininong'oneza kwamba ni mzigo mpya. Nilinunua. Mke wangu alipoumwaga katika ungo, tuliona vidagaa vyembamba kama uzi. Mwanangu akauliza, "Baba, hawa wamezaliwa lini?" Mimi niliyesomea ualimu sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, mvuvi aliyetii alikaa miezi mitatu bila taa yake, watoto wake wakitaka chakula kama wetu. Mimi nilimlipa yule asiyetii. Asingekuwapo mnunuzi, mwizi wa ziwa angelala nyumbani.

Basi wakisema tena ziwa limefungwa, tutumie akiba, kunde, karanga na kisamvu. Mkulima hali mbegu yake. Na ziwa nalo lina mbegu.