Mchagua Jembe si Mkulima

Wapo watu, na wengi wao ni wasomi wenzangu, wanaoamini kwamba pistoni ikishatolewa ndani ya injini haifai kuguswa na mtu yeyote ila aliye karakanani, mbele ya mashine kubwa inayounguruma. Mtu akionekana ameketi barazani kwake, tupa mkononi na pistoni mapajani, huitwa mbabaishaji. Mimi nasema hukumu hiyo haina haki. Mbabaishaji ni yule asiyepima, awe barazani au karakanani.

Nitatoa mfano wa mbali ili jirani asidhani namsema yeye. Burt Munro wa Invercargill, kusini mwa New Zealand, alinunua pikipiki aina ya Indian Scout mwaka 1920. Ilipotoka kiwandani kasi yake haikufika kilomita 90 kwa saa. Kwa miaka zaidi ya arobaini mzee huyo aliibadilisha mwenyewe nyumbani. Pistoni alizisubu kwa mkono wake, makopo ya zamani yakiwa ndiyo kalibu. Zilizopasuka alizipanga kwenye rafu, apate kuziona kila siku. Kupotea njia ndiko kujua njia. Agosti 1967, akiwa na miaka 68, alikwenda Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, akaweka rekodi ya kilomita 295 kwa saa kwa injini zisizozidi sentimita za ujazo 1000. Mwaka 2014, yeye akiwa kaburini tangu 1978, iligundulika kwamba hesabu ya rekodi ile ilikosewa, na kasi halisi ilizidi kilomita 296. Pistoni za makopo zilifanya kazi yake sawasawa. Walioteleza ni wenye saa na makaratasi.

Lakini msomaji asikimbilie tupa bado. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alitumia spoki ya gurudumu kama maikromita. Kifaa kilikuwa duni, lakini kilikuwa kipimo, na hapo ndipo ninapoachana na vijana wanaosugua pistoni kwa msasa mpaka "iingie". Pistoni hutengenezwa kwa alumini, na silinda nyingi huwa na ukuta wa chuma. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo pistoni huundwa ikiwa nyembamba kidogo upande wa juu, penye moto mkali, na kiuno chake si duara kamili. Jicho halioni hayo kwa urahisi, maana tofauti yenyewe ni ndogo sana. Usione vyaelea, vimeundwa. Anayezungushia msasa anafuta umbo lililofikiriwa kwa makini, na injini ikishapata moto pistoni huweza kung'ang'ania ndani ya silinda. Pikipiki ikiwa kwenye gia, gurudumu la nyuma hufunga ghafla. Nyuma ya dereva pengine yuko mama anayewahi zahanati. Yeye hakuulizwa kama anakubali kujaribiwa.

Zipo kazi za pistoni ambazo mtu makini anaweza kuzifanya nyumbani bila aibu. Anaweza kulainisha kingo kali zilizoachwa na kiwanda. Anaweza kuzipima pistoni za injini moja kwenye mzani mdogo, kisha akapunguza zilizo nzito, kwa kukwangua ndani penye unene karibu na pini, mpaka zilingane na ile nyepesi kuliko zote. Anaweza kuiingiza ringi ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae wima, akapima mwanya wa ncha zake na kuupanua kwa tupa. Wengi hufuata milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, ingawa kitabu cha injini yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Kuchonga silinda, kukereza mifereji ya ringi na tundu la pini, hizo ni kazi za mashine. Anayezifanya kwa tupa anacheza na roho za watu.

Na karakana nazo zisijione zimetakasika. Ipo moja, sitaitaja, iliyochonga silinda ya mashine ya kusaga ya jirani yangu bila hata kuomba iletewe pistoni mpya iipime kwanza. Mashine ikafuka moshi wa buluu na kunywa oili kama ng'ombe mwenye kiu. Jirani alipolalamika akajibiwa kwamba mashine yao ilitoka Ulaya. Mashine ya Ulaya inayoendeshwa kwa kukisia ni mbabaishaji aliyevaa suti.

Mwaka uleule wa 1967, mwezi Machi, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu baadaye tuliusoma mpaka kurasa zikalegea. Hata hivyo, shule nyingi zikaelewa kwamba kujitegemea ni kushika jembe tu. Mtoto akafundishwa desimali ubaoni miaka mingi bila kushika kitu chenye unene wa milimita 0.2. Akikua, ama anaogopa pistoni, ama anaisugua kwa macho.

Ninataka mambo mawili. Kila karakana imwandikie mteja vipimo, kabla na baada ya kazi, na mteja asilipe mpaka amevisoma. Na kila shule iwe na maikromita moja na mwalimu anayejua kuitumia. Mchagua jembe si mkulima. Na mwenye jembe asiyeujua mpaka wa shamba lake atalima la mwenzake.