Kitanda cha Kupanda na Kushuka: Kamba Ipandishe, Chuma Kibebe

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo ukurasa huu hausemi juu ya kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Unasema juu ya kitanda. Pengine utacheka. Lakini kitanda kinachovutwa kwa kamba mpaka juu ya dari si kitanda tena, ni mashine ya kuinua mzigo, na chini yake wamekaa watoto wako wanakula.

Sababu ya kukitengeneza tunaijua wote. Wengi wetu tunafanya kazi Kolwezi au Likasi, na nyumba tunajenga kwetu, huko Sanga upande wa Kamina. Nyumba inaanza na vyumba viwili. Tunasema vingine vitafuata, lakini watoto wanafika kabla ya matofali. Chumba cha mbele kinakuwa cha kupokea wageni, cha kulia, cha kusomea, na usiku cha kulala. Basi baba mwenye akili anatazama juu, anaona nafasi tupu kati ya vichwa vya watu na bati, anajiuliza: kwa nini kitanda kisikae huko mchana kutwa, kishuke usiku tu?

Wazo hili si la upuuzi. Ulaya na Amerika watu wanafanya hivyo katika nyumba ndogo za magurudumu wanazokokota nyuma ya gari wakienda mapumziko. Waliopanda gari la kulala katika treni wanakijua kitanda cha juu kinachofungwa ukutani asubuhi. George Pullman wa Marekani alianza kuvitengeneza vya namna hiyo katika miaka ya 1860. Hata vikundi vya kutafuta madini vinavyolala porini katika nyumba ya kukokotwa vingefaidika nacho. Mimi siko upande wa wale wanaosema «acheni mambo hayo, ni hatari». Familia iliyobanana ina hatari zake pia: watoto wanne juu ya mkeka mmoja, chandarua hakitoshi, anayekohoa anakohoa usoni mwa mwenzake. Kitengenezeni. Ila namna inayokuja kwanza katika mawazo ya mtu, ile ya kamba nne na kapi juu ya boriti, ndiyo mbaya kuliko zote.

Tupige hesabu. Kiunzi cha mbao na ubao wake, kilo 30 hivi. Godoro na mablanketi, kilo 15. Jumla kilo 45, kitanda kitupu. Kikiachia juu na kuanguka mita 1 tu mpaka kwenye kichwa cha mtoto aliyekaa, kinamfikia kwa mwendo wa karibu kilometa 16 kwa saa. Na kichwa hicho hakina kofia.

Sasa boriti. Mtu anafikiri: kitanda kina kilo 45, basi boriti inabeba kilo 45. Sivyo. Ukipitisha kamba juu ya kapi moja na kuivuta chini, boriti inabeba uzito wa kitanda pamoja na nguvu ya mkono wako. Hiyo ni karibu kilo 90. Ukifunga kamba kwenye ndoano chini ukutani, hesabu ni ileile usiku na mchana. Muulize mtu wa winchi kazini, atakuambia hivyo hivyo. Na boriti yenyewe ni ya nini? Ikiwa ni mkaratusi uliokatwa mbichi, utapinda na kupasuka ukikauka. Ikiwa ni mzee, gonga kwa nyundo usikie. Mchwa wa kwetu hula ndani na kuacha ganda la nje zuri kama jipya. Boriti ilipimwa kwa ajili ya bati na upepo, hakuna aliyeipimia kitanda. Katika nyumba ya kukokotwa ni vibaya zaidi, maana dari lake ni karatasi tu ya bati au ubao mwembamba.

Kamba nne kwenye pembe nne: utasema kila kamba inabeba robo. Kiunzi kigumu hakikubali hivyo. Kamba moja ikiwa fupi kwa kidole kimoja, pembe mbili zinazokabiliana ndizo zinazobeba karibu uzito wote, na zile mbili nyingine zinaning'inia. Tena angalia pembe ya kamba. Kamba mbili zilizosimama wima zinagawana mzigo nusu kwa nusu. Zikifunguliwa kwa pembe ya digrii 120, kila moja inabeba kama mzigo wote. Wale wanaofunga minyororo kwenye mizigo karakana wanafundishwa jambo hili siku ya kwanza, kisha wanafika nyumbani na kulisahau mlangoni.

Kuhusu kamba yenyewe nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo kuna desturi moja isiyonipendeza.

Kamba ya chuma iliyosukwa ni mtoto wa mgodi. Ilianza katika migodi ya Harz, Ujerumani, mwaka 1834, kazi ya Wilhelm Albert, kwa sababu minyororo na kamba za katani zilikuwa zinakatika. Tangu hapo mgodi umejifunza kuipima na kuitupa kabla haijakatika. Kwa kizimba cha watu, kamba hudaiwa iwe na nguvu nyingi kupita mzigo wake, mara nane au kumi, kadiri ya sheria za nchi. Ikifikia kiasi fulani cha nyuzi zilizokatika, kutu au kulika, inatolewa. Sasa, ile iliyotolewa, mtu anaiona imelala nyuma ya karakana, anasema: «Hii bado nzima, kwa kitanda inatosha.» Rafiki, waliitupa watu wenye vyombo vya kupimia. Kutu ya kamba ya chuma iko ndani, kwenye moyo wake, usipoweza kuiona. Hutajua ina nguvu mara kumi au mara moja na nusu. Kamba mpya nyembamba ya milimita 5 unayonunua kwa mita chache ni bora kuliko kamba nene ya zamani, na tena haimletei mtu maswali kwa mlinzi wa lango.

Na ukiifunga kwa vibano, weka vibano vitatu, si kimoja. Ile sehemu iliyopinda kama herufi U ikae juu ya ncha fupi iliyokufa, na kile kitako kikae juu ya kamba inayobeba. Ukigeuza, U inauma kamba hai na kuidhoofisha. Kaza tena baada ya kubebesha mzigo mara ya kwanza, maana kamba ikivutwa inakonda na vibano vinalegea.

Lakini hata kamba mpya, iliyofungwa vizuri, isiachwe kubeba peke yake juu ya watu. Ndilo neno langu kubwa leo. Kamba ipandishe, chuma kibebe. Wenzetu wa migodi ya chini ya ardhi, kama Kipushi na Kamoto, wanajua kwamba pale watu wanapoinuliwa hatutegemei kitu kimoja. Mwaka 1854, huko New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inia mbele ya watu wengi, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo, makucha ya chuma yakashika, likasimama. Watu hawakuamini kamba yake. Waliamini makucha.

Kitanda hakihitaji makucha ya namna ile. Kinahitaji nguzo nne, moja kila pembe, zinazosimama juu ya sakafu, si zinazoning'inia darini. Mbao za sentimita 8 kwa 8 zilizokauka vizuri, au chuma cha pembe kama una fundi wa kulehemu. Zishike ukutani zisiyumbe. Toboa matundu mahali pawili: chini, kitanda kikae sentimita 45 toka sakafuni, juu, mtu mzima apite chini yake bila kuinama. Kiunzi cha kitanda kinateleza kati ya nguzo. Unakipandisha kwa winchi ndogo ya mkono yenye meno ya kuzuia kurudi nyuma, kisha unasukuma pini nne za chuma cha milimita 12 chini ya pembe nne, unalegeza kamba kidogo mpaka uone kitanda kimekaa juu ya pini. Hapo uzito unashuka kwenye nguzo mpaka ardhini. Boriti inapumzika. Kamba ikikatika saa ya chakula, mtasikia sauti tu. Kila pini ifungwe kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo yake, la sivyo siku ya tatu mtoto atakuwa anachezea moja uani. Na mwenye nyumba ya kukokotwa asiondoke na kitanda kikiwa juu: barabara zetu zitakitikisa mpaka pini itoke. Kishushe kwanza, kifunge.

Wengine wanapenda uzito wa kusawazisha, gunia la mchanga upande wa pili wa kamba, kama vizimba viwili vinavyopishana katika shimo. Ni kazi nzuri kwa mikono, kitanda kinapanda kama unyoya. Lakini siku mama atakapotoa godoro kulianika jua, kitanda kitakuwa chepesi kuliko gunia, kitaruka juu na gunia litashuka. Mimi siupendi ndani ya nyumba yenye watoto.

Jambo la mama lina uzito wake, kwa sababu baba anatengeneza lakini si yeye anayepandisha. Saa kumi na mbili asubuhi baba yuko kazini, au yuko mbali kabisa kwa miezi. Atakayezungusha winchi ni mama, pengine mwenye mimba, au binti wa miaka 12. Basi kabla ya kujisifu mbele ya majirani, mwambie mama akipandishe na kukishusha mbele yako, mara tatu, wewe mikono mfukoni. Akishindwa, au mkono wa winchi ukimponyoka, kazi haijaisha. Na kanuni ya nyumba iwe moja, bila huruma: hakipandi kikiwa na mtu ndani, hata mtoto mchanga, hata kwa mchezo wa dakika moja.

Mtu wa zamu ya usiku naye afikiri vizuri. Analala mchana, wakati watu wengine wako macho. Ikiwa kitanda chake ndicho kinachopanda asubuhi, atalala wapi? Atasinzia kwenye kiti, na usiku atashuka mgodini na usingizi machoni. Kwake yeye kitanda cha namna hii ni cha watoto tu, chake kikae chumba cha pili na mlango ufungwe.

Kuna watakaotaka kitanda kiwe juu usiku pia, watoto juu, wazazi chini. Pini zikibeba, inawezekana. Lakini mtoto aliye chini ya miaka 6 asilale juu. Weka ukingo pande zote, upite godoro kwa sentimita 16 au zaidi, na nafasi kati ya mbao zisizidi sentimita 7, kichwa kisinaswe. Mbu wa malaria huingia kwa wingi katika nafasi kati ya ukuta na bati, palepale karibu na aliyelala juu. Chandarua kifungwe kwenye kiunzi cha kitanda chenyewe, kipande na kushuka nacho, na kichomekwe chini ya godoro. Kikifungwa darini kitachanika wiki ya kwanza.

Na mbabula. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya usiku inauma Kamina, na watu wanaingiza mbabula ndani. Gesi ya makaa, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi. Ni ileile inayotufanya tusubiri hewa safi baada ya baruti kulipuka. Hewa ya moto inaibeba juu, mahali umemweka mtoto wako. Lakini aliye chini naye haponi. Mbabula itoke nje kabla ya mtu yeyote kulala, kitanda kiwe juu au chini.

Kitanda kikiisha, kijaribu kwa magunia, si kwa watoto. Kwa kamba: kiinue sentimita 20 tu, weka magunia mawili ya simenti, kilo 100, ukiacha miguu yako mbali. Kwa pini: magunia manne, kilo 200, usiku mzima. Asubuhi tazama matundu kama yamepanuka, mbao kama zimepasuka, nguzo kama zimezama sakafuni. Baadaye, kila mwezi siku ya mshahara, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayeisahau, pitisha kitambaa kwenye kamba yote. Kikinaswa na uzi wa chuma uliokatika, kamba hiyo imekwisha.

Mvua zikianza mwezi wa 10, mbao zitavimba. Pembe moja itakwama katika nguzo yake wakati tatu nyingine zinashuka, kisha itaachia ghafula. Usikipige teke wala usiingie chini kukisukuma. Kirudishe juu, weka pini, punguza mbao kwa randa pale panapong'aa, paka sabuni kavu, na ujaribu tena polepole.