HUKUMU NYEPESI HAIANZII MAHAKAMANI

Liko neno moja ambalo husikika kila pahala panapokaa watu katika visiwa vyetu, iwe ni barazani baada ya sala ya alasiri, iwe ni sokoni Darajani, au ndani ya boti iendayo Mkoani. Neno hilo ni kwamba mahakama zetu zinawaonea huruma wahalifu. Wananchi husema kuwa mtu aliyemharibu mtoto wa miaka tisa hupewa kifungo kinachokwisha kabla mtoto huyo hajamaliza skuli, na mwengine huachiwa kabisa, akarudi mtaa ule ule na kupita mbele ya mlango ule ule. Husema pia kuwa masikini aliyeiba mbuzi huonja ukali wa sheria upesi zaidi kuliko mwenye jamaa na uwezo aliyetenda jambo lisilotajika mbele ya wazee.

Sisi hatulidharau neno hilo. Wananchi wanapolalamika kwa miaka mingi, na kwa lugha moja kutoka Nungwi mpaka Makunduchi na kutoka Konde mpaka Kengeja, kiongozi mwenye busara hawaambii kwamba hawaelewi sheria. Mama anayemwona mtu aliyemdhuru mwanawe akinunua mkate katika duka moja naye hahitaji kufundishwa sheria ili ajue kwamba kuna jambo limeharibika. Hasira yake ni ya haki. Lakini hasira ya haki nayo inahitaji kuelekezwa pahala pake, la sivyo itapita juu ya kosa lenyewe na kuliacha likistawi.

Kwanza yafaa tukumbushane kwamba visiwa hivi havikosi sheria. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018 pamoja na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya mwaka huo huo. Kwa kosa la ubakaji, sheria inamruhusu hakimu mwenye mamlaka hayo afike hata kwenye kifungo cha maisha. Sheria ya Ushahidi, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ile iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni, iliandikwa upya mwaka 2016. Sheria ya Mtoto imekuwapo tangu mwaka 2011, na mwaka huo huo ilianza huduma ya Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ili mtoto aliyedhalilishwa aonane na daktari, polisi na mshauri chini ya paa moja, asizungushwe ofisi hadi ofisi akisimulia aibu yake. Mwaka 2021 zikaanzishwa mahakama maalumu kwa ajili ya kesi za udhalilishaji.

Kwa hivyo vyombo vipo, na adhabu nzito zimeandikwa vitabuni. Swali tunalopaswa kujiuliza, wananchi na watumishi wa Serikali pamoja, ni hili: ikiwa sheria ni nzito, uzito huo unapotelea wapi njiani?

Jawabu letu ni kwamba uzito huo aghlabu huanza kupotea siku ya kwanza, na hupotelea mikononi mwetu.

Tuifuate kesi moja tangu mwanzo, kama tunavyozijua sote. Mtoto amedhuriwa. Aliyemdhuru si mgeni aliyeshuka bandarini. Ni jirani, ni mjomba, ni mtu wa kuaminika, pengine ndiye anayelipia nyumba hiyo unga na mafuta. Kabla ya kufika polisi, wazee wa pande mbili hukutana. Husemwa maneno ya upole: kwamba sisi ni watu wamoja, kwamba aibu ya mmoja ni aibu ya wote, kwamba binti ataharibikiwa na jina lake, na kwamba kijana naye ana watoto. Hapo ndipo linapoingia lile neno letu la muhali. Hupatikana fedha kidogo zinazoitwa za matibabu. Na pengine, kwa msiba ulio mkubwa zaidi, hupendekezwa ndoa, kana kwamba ndoa ni dawa ya jinai. Kadhi hushughulikia ndoa, talaka na mirathi. Hakupewa na sheria kazi ya kufuta uhalifu, wala sheha hakupewa, wala mzee wa mtaa.

Aandikaye maneno haya hana ruhusa ya kujitoa katika lawama. Naye aliwahi kuitwa katika kikao cha namna hiyo, akakaa, akanywa kahawa, akaona kinachofanyika, akanyamaza kwa kuwa wenye jambo walikuwa watu wake. Mtoto aliyezungumzwa siku ile hakuwamo chumbani, na hapana aliyemuuliza. Siku ile hukumu ilitolewa, nayo ilikuwa nyepesi kuliko hukumu yoyote ambayo hakimu angeweza kuitoa.

Tuseme kesi hiyo imevuka kikao na kufika kituo cha polisi. Ikiwa zimepita siku kadhaa, mtoto amekwisha kuogeshwa na nguo zake zimekwisha kufuliwa. Daktari anajaza fomu kwa alichokiona, na alichokiona ni kidogo. Hati ya mashtaka huandikwa kwa kadiri ya ushahidi uliopo. Pahala pa kubaka huandikwa shambulio la aibu, au kumtorosha msichana aliye chini ya uangalizi wa wazazi wake. Mwananchi anayesikia adhabu redioni huipima kwa kitendo anachokijua yeye, hali hakimu hulazimika kuipima kwa kosa lililoandikwa na kuthibitishwa. Hapo pana tofauti kubwa, na ndani ya tofauti hiyo ndimo manung'uniko mengi yanamozaliwa.

Kisha huja siku za kesi. Shahidi anatoka shamba kwa gari ya asubuhi, kwa nauli yake mwenyewe, anakaa nje ya mahakama mpaka adhuhuri, kisha huambiwa kesi imeahirishwa. Safari ya pili mpelelezi hakuja. Safari ya tatu daktari amehamishwa. Safari ya nne shahidi mwenyewe haonekani, kwa kuwa jamaa wa mshitakiwa wamekwisha kumtembelea usiku, au kwa kuwa amechoka tu. Na mtoto, ambaye ndiye shahidi mkubwa, anazidi kukua, anasahau saa na siku, na anafundishwa na watu wazima kwamba kusahau ndiyo adabu. Hakimu akiiondoa kesi hiyo kwa kukosa ushahidi, sisi tuliokaa kimya ndio wa mwanzo kusema kwamba mahakama imekula rushwa.

Sote tuliosoma chuoni, tukakariri mbele ya mwalimu, tunajua kwamba katika Sura ya Nisaa waumini wameamrishwa kusimama na uadilifu katika ushahidi, hata ikiwa ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Amri hiyo haikuacha mlango wa muhali. Basi inakuwaje watu wanaojivunia dini na ustaarabu wao waifanye aibu ya ukoo kuwa kubwa kuliko haki ya mtoto?

Wako wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo na kwamba linakuzwa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 24 ulionesha kuwa hapa Zanzibar wasichana wapatao 6 katika kila 100, na wavulana wapatao 9 katika kila 100, walisema walifanyiwa udhalilishaji wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Tuitazame vyema hesabu hiyo ya pili. Wavulana nao wamo, tena wamezidi. Na ni wao ambao jamii yetu huwataka wanyamaze zaidi.

Kwa kusema hayo hatukusudii kuwatakasa mahakimu. Wako baadhi yao ambao hutoa adhabu bila ya kueleza kwa ukamilifu kwa nini wamechagua miaka michache pahala pa mingi. Sheria inampa hakimu nafasi ya kuzingatia umri wa mkosaji, kukiri kwake na kwamba ni kosa lake la kwanza. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwani mtoto aliyekosa hawezi kuhukumiwa kama mtu mzima aliyepanga uovu wake. Lakini nafasi hiyo ni amana. Hakimu anayeitumia bila ya kuifafanua hujenga shaka hata pale alipohukumu kwa haki, na shaka ya wananchi juu ya mahakama ni maradhi yasiyotibiwa kwa kuwakemea wananchi.

Wako pia wanaotaka tuyaache yote haya, tuongeze ukali tu: vifungo viwe virefu zaidi, viboko virudi, kesi ziende mbio, na mawakili wasiwepo kuwatetea watu waovu. Kwa hao tunaomba wakumbuke historia. Ndugu zetu wa Bara walitunga Sheria ya Adhabu za Chini mwaka 1963, iliyowafunga mikono mahakimu wasishuke chini ya kiwango fulani, ikaongeza na viboko. Mwaka 1972 sheria hiyo ikaandikwa upya. Mwaka 1989 kiwango cha chini kwa wizi wa kutumia silaha kikafanywa miaka 30, na mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ikaweka miaka 30 kwa ubakaji. Viwango vimepandishwa mara kwa mara, na bado makosa hayo yanatendeka. Mhalifu hahesabu miaka iliyoandikwa kitabuni. Anachokipima ni kama atasemwa au hatasemwa, na maadamu anajua kwamba ukoo utanyamaza, miaka 30 kwake ni sawa na bure.

Na hapa kwetu Visiwani tunayo kumbukumbu yetu wenyewe. Katika miaka ya 1970 Mahakama za Wananchi ziliendesha kesi bila ya mawakili, kwa nia ya kuiweka haki karibu na watu. Baadaye sisi wenyewe, kwa Katiba ya mwaka 1984 na Sheria ya Mahakama Kuu ya mwaka 1985, tuliamua kuachana na utaratibu huo, kwa sababu tulijifunza kwamba wepesi wa kuhukumu si sawa na haki. Adhabu kali juu ya mtu asiyethibitishwa kosa haimfutii machozi mtoto aliyedhuriwa. Humwacha mkosaji wa kweli nje, na humwongeza mdhulumiwa wa pili.

Basi yapo mambo manne ambayo, kwa maoni yetu, yanawezekana kufanywa kwa sheria hizi hizi tulizonazo.

La kwanza ni la mahakama. Kila adhabu katika kosa zito itolewe pamoja na sababu zake, isomwe kwa Kiswahili kinachofahamika, na ielezwe bayana ni kosa gani lililothibitishwa na lipi halikuthibitishwa. Mwananchi akijua sababu, hata asiporidhika, hatadhania rushwa.

La pili ni la waendesha mashtaka. Adhabu ikiwa ndogo kupita kiasi, rufaa ikatwe Mahakama Kuu, na ikibidi ifike Mahakama ya Rufani. Rufaa si haki ya mshitakiwa peke yake. Kunung'unika ofisini kwamba hakimu amekosea, hali muda wa rufaa unapita, ni uzembe usiostahiki kuvumiliwa.

La tatu ni la polisi, hospitali na Serikali kwa jumla. Shahidi alipwe nauli yake kwa wakati, kesi za watoto zisikilizwe mfululizo, na mpelelezi au daktari aliyehamishwa aletwe kutoa ushahidi. Haifai mtoto alipie kwa haki yake uhamisho wa mtumishi. Na sheha au kiongozi wa tawi atakayeonekana amesimamia suluhu ya kosa la jinai asiitwe mpatanishi. Aulizwe kwa mujibu wa sheria.

La nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ni letu sisi. Mtoto akisema, asikilizwe. Asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Shahidi akiitwa mahakamani, aende, na jirani zake wamsindikize badala ya kumtisha. Viongozi wa Chama wa ngazi ya chini, ambao hujua kila nyumba na kila aliyemo, wawe wa mwanzo kuongozana na mama kwenda kituoni, hata ikiwa mtuhumiwa ni mwanachama mwenzao au mfadhili wa tawi lao. Kada anayemficha mhalifu kwa sababu ya kadi, ukoo au fadhila hakitumikii Chama, anakichafua.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumechelea kilio cha jamaa zetu kwa muda mrefu, na wanaolia badala yao ni watoto. Tunayo haki ya kudai kwamba mahakimu wahukumu kwa uzito unaostahiki, na tutaendelea kudai hivyo katika ukurasa huu. Lakini dai hilo litakuwa na nguvu pale tu mdai atakapokuwa tayari kusimama kizimbani, mchana, mbele ya watu, na kusema alichokiona. Hakimu hupima kilichowekwa mezani kwake. Tuliobaki nacho mfukoni hatuna haki ya kulalamika kwamba mizani ni nyepesi.