Mavazi ya Ujira wa Kwanza

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne ukiisha mwezi wa Novemba, vijana wengi wa Tanzania Bara, wangali wakingoja matokeo, huingia madukani, hotelini na mikahawani kutafuta ujira wao wa kwanza, na aghalabu sharti linalowalaki mlangoni ni la mavazi: shati jeupe, suruali au sketi nyeusi, viatu vya kufunika. Sharti hili halina ila, kwa kuwa unadhifu ni taadhima kwa mteja na stara kwa mvaaji. Wala simwonei imani kijana anayenuna kwa kuambiwa achomekee shati. Lakini ni dhuluma, tena dhuluma dhahiri, tajiri kumlazimisha mtoto wa fukara kuvaa sare yenye nembo ya duka, kisha akamkata thamani yake katika mshahara asioushika bado, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza makato ya mshahara ila kwa idhini ya sheria, au kwa ridhaa ya mfanyakazi iliyoandikwa. Enyi wenye maduka, sare mnayoitaka itoeni ninyi. Nanyi wazazi, kabla mwana hajatia saini, isomeni pamoja naye karatasi anayopewa.