Maji ya ziwa yakigeuka kijani, kuchemsha hakutoshi

Masika yakileta mafuriko Kyela, sisi wauguzi wa jamii tunapita nyumba kwa nyumba na ujumbe uleule: chemsha maji ya kunywa, au weka dawa ya klorini. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo ujumbe huo ni sahihi. Lakini ipo hali moja ambayo sufuria haikusaidii.

Hicho kijani ni nini?

Ziwani wanaishi viumbe wadogo sana wanaoitwa sainobakteria. Wengi tunawaita mwani, ingawa ni bakteria wanaotumia jua kama mimea. Wakipata joto, maji yaliyotulia na mbolea, huongezeka haraka na kuelea kama rangi ya ukuta iliyomwagika. Baadhi yao hutengeneza sumu. Inayojulikana zaidi ni maikrosistini, ambayo hudhuru ini.

Ukichemsha maji hayo, bakteria wanakufa lakini sumu inabaki. Tena chembe zao hupasuka na kumwaga sumu iliyokuwa ndani. Klorini nayo huzipasua, na kwenye ndoo ya nyumbani huwezi kujua kama sumu imeisha. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm huko Australia, watu 148, wengi wao watoto, waliugua baada ya bwawa lao kutiwa dawa ya shaba ili kuua mwani. Mwani ulikufa, sumu ikaingia kwenye mabomba.

Je, Kyela tuna tatizo hilo?

Tusitishane. Ziwa Nyasa lina kina cha zaidi ya mita 700 na sehemu kubwa ya maji yake ni maangavu. Si kama Ziwa Victoria, ambako watafiti wamekuta maikrosistini katika Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Winam upande wa Kenya. Wasiwasi wangu uko kwenye midomo ya mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka Rungwe na udongo wa mashamba, mbolea na, tuseme ukweli, vyoo vilivyofurika. Hicho ndicho chakula cha sainobakteria, na sisi tunachota maji pembeni hapo, si katikati ya ziwa.

Nani anaangalia?

Setilaiti za Ulaya hupiga picha za rangi ya maziwa. Sentinel-3 hupita mara kwa mara, lakini nukta moja ya picha yake ni mita 300, kwa hiyo ufuo wa kijiji haionyeshi vizuri. Sentinel-2 huona hadi mita 10, ila hurudi kila baada ya siku 5, na mawingu ya Kyela unayajua mwenyewe. Tunayo Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa pale Tukuyu, na TAFIRI wapo Kyela, lakini hawawezi kuwa kila ufuo kila asubuhi. Wavuvi ndio wanaokuwepo. Kwa maoni yangu, daftari la BMU likiongezewa safu moja tu, ya rangi ya maji, harufu na samaki waliokufa, tutapata taarifa ambayo setilaiti haitupi.

Wewe ufanye nini?

Ukiona utando wa kijani, ingiza kijiti, usitumie mkono. Kikitoka na nyuzi kama nywele, huenda ni mwani wa kawaida. Kikitoka kama kimechovywa kwenye rangi, usichote, usioge, zuia watoto na mifugo, kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji na BMU. Tumia kisima kirefu au bomba. Kama kilichopo ni kisima kifupi cha mchangani mbali na ufuo, mchanga hupunguza sumu, na hapo kuchemsha kunarudi kazini.

Sumu hii huleta kutapika, kuharisha, vipele na macho kuwasha. Ukija zahanati, tuambie ulichota wapi na maji yalikuwa na rangi gani, maana tusipojua tutaandika kuhara tu. Kuharisha kukiwa kukali usisubiri, huenda ni kipindupindu. Anza ORS kwa maji salama na uje.

Samaki wakubwa watoe matumbo na ini. Usipa huliwa mzima pamoja na matumbo yake, kwa hiyo aliyevuliwa kwenye utando muache. Samaki uliyemkuta amekufa ufukweni usimle, hata akikaushwa.