Mama, usipunguze dawa za presha ili mtoto asome masta

Hivi karibuni nilikuwa mjini Same kufuatilia habari za shinikizo la damu. Kwenye benchi la kliniki moja niliketi jirani na mama aliyeshuka kutoka Mamba Miamba tangu alfajiri, kapu lake likiwa miguuni. Kipimo chake kilisoma 178 kwa 104. Muuguzi alimuuliza kama anameza dawa kila siku, naye akaitikia kwamba anameza.

Muuguzi alipoingia ndani, mama akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini: "Nameza leo, kesho naacha. Nazibania zifike mwisho wa mwezi unaofuata."

Nilipomuuliza kwa nini, akajibu: "Mwanangu wa tatu anasoma masta ya biashara Dar es Salaam. Tangawizi ya msimu huu imekwenda yote huko. Na wewe mwanangu ni msomi, hebu niambie, hiyo masta huwa inaisha lini?"

Nimesoma chuo kikuu, lakini pale kwenye benchi nilikosa jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, kwa sababu najua mama huyo si peke yake.

Watani wa Wapare husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi nimeona zaidi ng'ombe wakiuzwa kwa ajili ya ada. Ukipanda milimani, iwe Same au Mwanga, utakuta wazazi waliosomesha watoto kwa tangawizi, ndizi na maharage. Ni jambo la kujivunia. Tatizo ni kwamba shahada ya pili haifanani na sekondari, wala haifanani na shahada ya kwanza, na wazazi wengi wanailipia bila kuelezwa tofauti hiyo.

Masta ya biashara ambayo wengi huiita MBA ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Ilianzia Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1908. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitivo cha biashara na menejimenti mwaka 1979, na mwaka 2008 kikawa Shule ya Biashara inayojulikana kwa kifupi kama UDBS. Chuo Kikuu Mzumbe nacho kinafundisha uzamili wa biashara, na kina ndaki Dar es Salaam.

Shahada hii ilitengenezwa hasa kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi. Darasani mwalimu huleta mkasa wa kampuni iliyokwama, kisha wanafunzi hujadili namna ya kuinasua. Aliyewahi kusimamia duka, ghala au tawi la benki huchangia na kuondoka na jambo la kutumia kesho yake. Aliyetoka shahada ya kwanza moja kwa moja hukariri. Ndiyo maana kuna masomo ya jioni: mtu anafanya kazi mchana, anasoma jioni, na ada inatoka kwenye mshahara wake.

Sasa lile swali la mama. Kwa kawaida masomo hupangwa kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na yana sehemu mbili. Ya kwanza ni ya darasani, yenye ratiba na mitihani. Ya pili ni utafiti, ambapo mwanafunzi huandika tasnifu chini ya msimamizi wake. Hapo ndipo wengi hukwama. Hakuna kengele wala wenzako wa kukuamsha. Unaandika pendekezo, linarudi na masahihisho. Unakusanya takwimu, fedha zinaisha. Unapata kibarua, tasnifu inalala kabatini. Muda ukipita, chuo kinaweza kudai malipo ya kuongezewa muda.

Mama alinipa simu nizungumze na mwanawe, na wote wawili wameniruhusu niandike mradi nisitaje majina. Kijana aliniambia: "Dada, darasani nilimaliza mwaka jana. Imebaki tasnifu. Sikumwambia mama kwa sababu angeona nimefeli." Tena alikuwa ameshapata kazi ya mauzo yenye kamisheni. Haikuwa kubwa, lakini ilitosha kula na nauli. Fedha alizotumiwa na mama alizipokea kwa kuwa aliona haya kuzikataa.

Nilimuuliza kama anajua mama anaruka dozi. Alinyamaza muda mrefu.

Kwa hiyo mama alificha ugonjwa ili mtoto asome kwa utulivu, na mtoto alificha mkwamo ili mama asipate presha. Presha ikapanda kwa sababu ya siri hizo mbili.

Niseme wazi kuhusu dawa, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Shinikizo la damu linaweza kukaa mwilini miaka bila kichwa kuuma. Mgonjwa huona yuko sawa, akadhani dozi ya siku mbili tatu haina shida. Wakati huo mishipa, moyo na figo vinaumia kimyakimya, na wengine hugundua siku wanapopata kiharusi. Dawa za presha humezwa kila siku kama ulivyoandikiwa. Kama gharama imekushinda, mwambie daktari. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu zaidi inayofanya kazi hiyo hiyo. Usijipunguzie mwenyewe. Mzazi akipooza, familia itahitaji fedha kuliko ada ya chuo chochote.

Kabla hamjauza shamba au kumaliza akiba ya kikoba, mketisheni kijana na muulizane mambo haya.

Kwanza, masta hii inakwenda kufungua mlango gani? "Ajira hakuna, ngoja nisome" si jibu. Mwambieni alete matangazo matatu ya kazi anazozitaka, muone kama yanadai shahada ya pili au uzoefu. Kwa mhasibu, mara nyingi kinachotafutwa ni CPA, mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), ambayo mtu anaweza kuifanya hatua kwa hatua huku akiwa kazini. Wa ununuzi na ugavi nao wana bodi yao na mitihani yake.

Pili, gharama yote ni kiasi gani? Msihesabu ada peke yake. Wekeni usajili, chumba, chakula, nauli, kompyuta, safari za utafiti, uchapaji na kujalidi tasnifu. Kumbukeni pia mkopo wa shahada ya kwanza: akiajiriwa, Bodi ya Mikopo itamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Akirudi nyumbani na deni la pili, mshahara wa kwanza utagawanywa kabla haujafika.

Tatu, nani analipa nini, na mpaka lini? Andikeni. Mzazi anaweza kusema, "Nitalipa muhula wa kwanza, mengine utafute." Huko si kumnyima mtoto. Mtu wa miaka 27 anaweza kushirikishwa ukweli wa nyumbani.

Nne, je, lazima iwe Dar es Salaam? Kiasi cha kilomita 100 kutoka Same kipo Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kina shahada za uzamili, na elimu yake imejengwa juu ya mambo tunayoyajua: vyama vya wakulima, masoko, mikopo midogo. Kijana wa Mamba anayejua namna tangawizi inavyouzwa mbichi kwa dalali ana mada ya tasnifu tayari mlangoni kwao. Kipo pia Chuo Kikuu Huria, ambako mtu husoma akiwa na kazi yake. Popote mtakapochagua, hakikisheni kwanza kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwamba chuo na programu hiyo vinatambuliwa.

Na ninyi vijana wenzangu, mkikwama kwenye tasnifu, semeni. Kukwama si kufeli. Mtafute msimamizi, omba tarehe, andika ukurasa mmoja kila siku kabla ya kufungua simu. Na ukianza kupata hata kidogo, mwambie mama asitume tena.

Juzi mama yule alinipigia. Mwanawe amemtumia fedha za dawa za miezi miwili na amepeleka sura mbili kwa msimamizi. Presha imeshuka hadi 146 kwa 90; daktari anataka ishuke zaidi. Akaniuliza tena masta inaisha lini. Safari hii nilimwambia amuulize mwenyewe.

"Nimeshamuuliza," akacheka. "Amesema Novemba. Nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki."